Vitumbua vya Nadharia

Itangazwe kuanzia Feri mpaka Buguruni, na asiyesikia aambiwe na jirani: wazee wa Kariakoo wasio na uwezo hawatakaa tena bure! Mradi wa Uchangamfu wa Wazee umeleta tiba kwa vitendo, ili kila mzee apate shughuli yenye maana.

Ili aipate shughuli, kwanza mzee aliondolewa kwenye shughuli. Bi Siwema, miaka sabini na mbili, alikuwa akichoma vitumbua barazani kwake tangu ujana. Jiko lake la mkaa na kikaango chake cha matundu saba vikafungiwa stoo ya mradi mpaka afaulu mtihani wa uchangamfu. Hakupinga. Nani mwenye akili zake hukataa kuponywa?

Mtihani ulifanyika Mnazi Mmoja, chini ya turubai, mbele ya wageni wa makao makuu. Bwana Zakayo, mkuu wa mradi, akaleta unga uliokorogwa, kikaango kipya na kijiti. Moto haukuwepo, mwongozo uliukataza kwa sababu za usalama.

"Shikamoo, bi mkubwa. Geuza kitumbua."

"Marahaba. Kipi, mwanangu? Mbona huu uji?"

"Geuza kwa nadharia."

"Haya. Nimegeuza, wateja wamekula, wameshaenda zao."

Wageni wakacheka. Bwana Zakayo akaandika: hana umakini, jiko lizuiwe, arudie baada ya miezi sita.

Bi Siwema akapiga hesabu. Miezi sita bila jiko, atakula mwongozo? Lakini mtu mzima hatapiki hasira mbele za watu. Akauliza kwa adabu, "Mtihani huu ni wa nani hasa?"

"Kila aliyevuka hamsini na tano aliye ndani ya eneo la mradi," akajibu Violeth, mtaalamu wa tiba, binti aliyeuhifadhi mwongozo neno kwa neno.

"Na baba huyu ana miaka mingapi?" akauliza, akimtazama Bwana Zakayo.

"Hamsini na nane."

Mgeni mkubwa akapiga makofi. "Bosi, tuonyeshe mfano!"

Bwana Zakayo akaketi. Violeth akasoma swali: "Kutwa unafanya nini kwa mikono yako?"

"Nasaini."

"Usipofika, nani anakosa nini?"

Akamtazama dereva wake. Dereva akatazama viatu. Akawatazama wageni, nao, kwa kuwa swali lilikuwa likiwanyemelea, wakatazama turubai.

"Mie nisipofika," Bi Siwema akasaidia, "mtaa mzima unakunywa chai kavu."

Violeth akajumlisha alama, akatangaza kwa huruma ya kitaalamu: mzee Zakayo hana shughuli yenye maana. Hali ni ya dharura. Apewe kazi halisi, kwa moto halisi, chini ya mjuzi. Rufaa haikuwepo, kifungu chake Bwana Zakayo alikifuta mwenyewe. Jiko likarudi barazani kwa Bi Siwema kama kifaa cha tiba.

Leo ni wiki ya tatu. Faili la Bwana Zakayo linasema: anageuza viwili kati ya saba, vitano vinaungua.

"Bi mkubwa, niruhusu," alilalamika jana, macho mekundu kwa moshi. "Ofisini wananisubiri."

"Nani, mwanangu?"

Bwana Zakayo akainama, akapepea mkaa.