Lami ya Tuure

Tuure Lampela alipowaona watu wa maofisini wakijikuna pale sokoni Oulu, mji wa kaskazini mwa Ufini, moyo wake ulicheka. Mbu walikuwa wanaila nchi, na wasomi hawa walikuwa wameapa kutojipaka tena dawa za dukani. Mjinga akikuonyesha panapomwasha, kumkuna ni ibada.

Alikoroga mafuta ya kukaangia na masizi, akaita lami ya msonobari, dawa ya mababu ya kufukuza mbu. Kabla ya kusimama mbele ya wateja alijipaka kisirisiri dawa kali ya dukani, kisha akatandaza mikono. Mbu walimpita kama hawamjui.

“Haina kemikali?” mwalimu mmoja aliuliza.

“Dada, kemikali pekee hapa ni marashi yako.”

Wakanunua, wakaliwa, wakajilaumu kwamba hawakujipaka kwa imani.

Ndipo akaja Aune Kallunki, mjane, msemaji wa wenye nyumba za ziwani. “Ukituridhisha, tunanunua makopo ya kujaza gari zima. Njoo Jumamosi.”

Tuure alikwenda na gari limejaa makopo, amejipaka ile ya dukani hadi kisogoni.

“Sauna kwanza,” Aune alisema, akionyesha kibanda cha kuogea mvuke. “Biashara baadaye.”

Tuure alijua jasho litaiosha dawa, lakini Ufini ina desturi zake. Mwizi hupata wakili. Anayekataa sauna ya Jumamosi hapati hata salamu. Akavua, akaingia, akatoka jasho, na dawa ikatoka nayo.

Alipotoka uchi, Aune alikuwa ndani ya gari la Tuure, vioo juu, suruali ya mgeni mapajani. Wingu la mbu lilishuka.

“Jipake lami yako, mwanangu!”

Alijipaka kopo zima. Mbu wakaona wamewekewa mchuzi.

“Mama, suruali! Nakufa!”

“Suruali kwa gari na mzigo wake.”

“Chukua! Chukua vyote!”

Suruali ikarushwa dirishani, gari likaondoka.

Jumatatu Tuure alijikokota hadi sokoni, uso umevimba kama unga uliotiwa hamira. Aune alikuwa kwenye kona ileile ya Tuure, akiuza makopo yaleyale kwa bei maradufu, foleni ikizunguka soko.

“Jamani, mnaibiwa!” Tuure alipiga kelele. “Hayo ni masizi na mafuta ya kukaangia!”

Bwana mmoja mwenye miwani alimtazama, akasikitika, akamgeukia mkewe.

“Unaona, mpenzi, kemikali zinavyomfanya mtu? Chukua makopo manne.”