Joho la Jaji Nshuti

Redio ya Faradji ilikuwa haijamaliza hata kutaja jina, na tayari kijiwe cha Mbugangari kilikuwa kimewaka. Jaji Nshuti wa Mahakama Kuu, mtoto wa Bugeshi, anastaafu. Kiti kiko wazi.

Pale benchini aliyeumia ni mmoja tu, Kadiri fundi cherehani, wanayemwita Santimetre. Jaji alikuwa amemwagiza joho jipya, na joho lenyewe lilikuwa mapajani mwake, jeusi tii, lina joto la pasi bado. Jaji alishampigia simu: joho apewe atakayerithi kiti. Maisha yake yote Kadiri ameshona kanzu na sare za shule. Hili ndilo lingekuwa vazi lake la kwanza kuingia mahakamani, na alilitaka liingie, liwe juu ya mgongo wa yeyote yule. Shida ni kwamba Nshuti ni mrefu na mwembamba kama nguzo ya umeme.

"Kiti mi nasema ni ya jaji Evode," akasema Mbonigaba, dereva wa pikipiki. Aliwahi kutoa ushahidi kortini siku moja tu, na tangu hapo anaitwa Avoka, yaani wakili. "Sheria anajua kabisa. Nilimubeba, akakataa tupite taa nyekundu."

"Mabega yake iko namna gani?" akauliza Kadiri.

"Mi naongea sheria, we unaongea mabega?"

"Sheria anaibeba na nini?"

Faradji akapunguza sauti ya redio. "Mi nataka mutu wa Busasamana. Tumechoka na watu wa Bugeshi."

"Jaji mumoja tu, mumechoka saa ngapi?" akasema Nasrine, muuza kahawa wa kijiwe. "Mi niko upande ya jaji mama Mukamusoni. Ule akikutazama, hata mwizi anarudisha kitu hajaiba."

"Ni mufupi," Kadiri akasema polepole.

"Na kisha?"

"Mufupi, mi nakata. Evode ni munene. Kitambaa ya kuongeza nitatoa wapi?"

Kuanzia hapo Kadiri akawa mpiga debe wa Mukamusoni, na kwa sauti. Akasifu elimu yake, akasifu busara yake, akasifu zaidi kimo chake.

"Santimetre, hii haiko uchaguzi ya suruali," akafoka Avoka. "Pale kortini niliambiwa: haki haitoshi ifanyike..."

"...inapaswa ionekane," Nasrine akammalizia. Sentensi hiyo waliisikia kila walipokaa.

Simu ya Faradji ikalia. Ni shemeji yake wa Kigali, anayejuana na mtu anayemjua dereva wa mtu mkubwa. Akasikiliza, akakata, akavimba kifua.

"Bon. Ni Mukamusoni. Imekwisha."

Kadiri hakungoja zaidi. Akavuka barabara mpaka dukani kwake. Mkasi ukasikika, kisha cherehani. Aliporudi, joho lilikuwa la mtu mfupi, na kipande kilichokatwa kimelala begani mwake. Alikaa kwa madaha, utadhani ni yeye aliyemteua jaji. Nasrine akamwongezea kahawa kwa furaha ya ushindi.

Ndipo redioni ikaja taarifa ya habari kwa Kifaransa. Faradji akabana redio sikioni, na kile kifua kikaanza kunywea.

"Wanasema jaji Nshuti... wamemuprolongé."

"Ndiyo nini?" akauliza Nasrine.

Faradji akalitafuta neno. "Wamemurefusha."

"Muda yake," Avoka akafafanua. "Hawakupatana nani achukue kiti, donc anabaki kwanza. Mwaka mwingine."

Kadiri akalitazama joho, akakitazama kile kipande.

"Wao wanamurefusha," akasema, "na mi nimemufupisha."

Hakuna aliyecheka, maana sura yake ilitia huruma kweli. Avoka akamshika bega. Alitaka kumfariji, ila maneno ya kortini aliyonayo ni yale yale.

"Usisikitike, ndugu yangu. Haki inapaswa ionekane."

"Itaonekana," akasema Nasrine, akikusanya vikombe. "Mupaka magoti."