Nusu ya Bunduki ya Chhotubhai

Jumatano, 1 Novemba 2006

Mvua. Wiki ya tatu tangu Chhotubhai afariki, na bado nikipita mtaa wa Digbeth miguu inageukia yenyewe karakana yake, kule chini ya daraja la reli. Leo angalau nilikuwa na sababu. Mjane wake, shemeji Sharda, alituita watu wawili: mimi na Évariste.

Kwa nini Évariste? Mimi nimemjua Chhotubhai tangu mwaka 1989. Nilikuwa namtukana mwenye duka mmoja kwa Kiswahili, kwa sauti, nikiamini huku ughaibuni niko salama, nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Mhindi wa Kisumu! Tangu siku ile hatukuachana. Évariste ni Mkongo wa juzi tu. Alikuja mwaka 2001 kutengenezewa pampu ya baiskeli. Akakaa.

Juu ya meza palikuwa na ile bunduki ya upepo ambayo marehemu aliiunda kwa mikono yake miaka miwili, asiimalize. Si bunduki ya baruti. Hewa inashindiliwa kwenye mtungi, na ukifyatua, vali inafunguka kidogo na kusukuma kidonge cha risasi. Kazi safi kabisa. Na shemeji kaigawa! Mimi kanipa mtutu na mitambo ya kufyatulia, imefungwa kwenye taulo. Évariste kapewa kitako cha mbao na mtungi wa hewa. Kasema tukae pamoja tuimalizie, ipigwe siku ya shindano la klabu yetu ya shabaha, tarehe ishirini na tano, iwe kumbukumbu ya marehemu.

Nikaitikia kwa kichwa. Kosa la mjane mwenye majonzi. Nitalirekebisha.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimempigia Évariste simu. Nimemweleza kwa upole kwamba mtungi uliokaa muda mrefu unaweza kupasuka na kumwondoa mtu uso. Kwa usalama wake, aulete kwangu nikaupeleke kupimwa. Amenishukuru mpaka nikaona aibu kidogo. Kidogo tu. Atakuja Jumatatu.

Nimesafisha meza. Nimeuweka mtutu katikati, nikaacha nafasi ya mtungi.

Jumatatu, 6 Novemba

Évariste kafika saa aliyosema. Nikafungua mlango nikitabasamu. Mkononi hana mtungi. Ana sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao! Mtungi kaupeleka kupimwa mwenyewe, umefaulu, na cheti anacho mfukoni. Kaja kunishukuru kwa kumjali. Ananiita yaya, yaani kaka mkubwa.

Sombe ilikuwa tamu. Inaudhi.

Jumatano, 8 Novemba

Uamuzi: simhitaji. Nitaunda nusu iliyobaki mwenyewe. Mimi ni fundi wa karakana ya reli ya Tanga, hata kama huku wananiona dereva wa foklifti.

Pritam, katibu wa klabu yetu ya kulenga shabaha, alinitajia mzee wa Castle Vale anayeuza mtungi. Mabasi mawili, mvua ya ubavuni, lifti mbovu, ghorofa ya tisa. Mzee alikuwa mkarimu. Mtungi ulikuwa mzuri. Hesi zake, ile mikato ya kukazia, hazilingani na hesi za mitambo yangu. Nimegundua hayo nyumbani. Nimelazimisha. Sasa umeingia na hautoki.

Kitako sina mbao ya kukichongea. Nimetazama huku na huku. Nimeng'oa ubao wa kichwani wa kitanda changu.

Jumapili, 12 Novemba

Kitako tayari. Kinafanana na mwiko wa ugali. Nikikiweka begani kinanichoma kwenye mfupa.

Nimejaza hewa kwa pampu ya mkono mpaka mikono ikatetemeka. Kisha nikasikia: sssss. Inavuja. Nikaizamisha kwenye bafu nione mapovu yanatokea wapi. Yametokea kila mahali! Bafu likafurika, jirani wa chini akaja kugonga, nikapiga deki kwa mashuka, na nilipomaliza hewa yote ilikuwa imeisha. Ninayo bunduki isiyoweza kumtisha nzi.

Nimelala na mto umeegemea ukuta mtupu. Ukuta una unyevu.

Jumatano, 15 Novemba

Siku mbaya. Naiandika ili iishe.

Nilikwenda kwa shemeji Sharda na mpango ulionyooka. Nikamwambia kwamba siku za mwisho, hospitalini, Chhotubhai alinishika mkono akaniambia: Mwinjuma, bunduki ni yako, yote. Nilimwambia nilikuwa nasitasita kulisema kwa kuogopa kuonekana mroho.

Shemeji akawa anakunja kitambaa cha meza kisichohitaji kukunjwa.

"Yeye alisema kwa lugha gani?"

Nikajibu kwa Kiswahili, bila shaka. Sisi wawili tungesema lugha gani nyingine?

"Shemeji," akasema, "wiki ya mwisho Kiswahili yote ilimtoka. Kizungu pia. Alibaki na Kigujarati tu. Alikuwa anaita mama yake."

Hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Akaanza kunieleza taratibu, kana kwamba ni habari za mtaani, nani alikuwa akija wodini. Évariste alikuja kila siku. Akitoka kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee, alipanda basi kwenda kumnyoa ndevu, maana mgonjwa alikataa kunyolewa na manesi.

Mimi nilikwenda mara moja. Nilifika mpaka mlangoni mwa wodi, nikaona miguu yake imetokeza nje ya shuka, imekonda kama ya mtoto. Nikarudi kituo cha basi. Hilo sikumwambia shemeji. Nadhani analijua.

Chai ilikuwa na iliki. Sikuimaliza.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimekwenda klabuni Northfield na mtutu na mitambo ndani ya mfuko wa badminton. Ule mtungi wa Castle Vale niliukata kwa msumeno kuutoa. Ulinichukua siku mbili.

Évariste alikuwepo! Kaleta nusu yake kumwonyesha Pritam. Basi simu yake ikalia, ndugu zake wa Lubumbashi, akatoka nje kuzungumza. Simu za Lubumbashi hazina mwisho. Pritam alikuwa anabandika karatasi za shabaha kule mbali. Nikachukua kitako na mtungi, nikajifungia stoo.

Sikukusudia kuiba. Nilitaka tu kuona.

Zikaingiana! Mtungi ulikazika kwa vidole viwili. Kitako kikakaa begani kama mkono wa mtu unayemjua. Nikafungua hewa. Ukelele! Ukelele wa ajabu, mrefu, kama wa treni. Nilikuwa nimesahau oringi, ule mpira mdogo wa kuziba hewa, juu ya meza. Pritam akapaza sauti kwamba birika limechemka, mtu alizime. Évariste ndiye aliyefungua mlango.

Alinitazama. Akaitazama bunduki, nzima, mikononi mwangu. Nilikuwa na maelezo matatu tayari.

"Yaya," akasema, "miye sijue hata kukaza visi moja ya hii kintu. Nilikuwa nangojea uniite. Mais uko mukali. Niliogopa."

Visi ndiyo skrubu kwao, na mais ni lakini. Siku kumi na saba zote hizi alikuwa anangoja nimwite.

Nikamwambia nimemsamehe.

Jumatano, 22 Novemba

Jioni nne mfululizo tumekuwa karakana ya Digbeth, mimi na Évariste. Yeye anapaka kitako mafuta na kukisugua kwa kitambaa, taratibu, kama anavyowafanyia wazee wake. Mimi niko kwenye vali na springi. Nimebadilisha oringi zote. Haivuji. Tuliiacha na hewa tangu jana na mshale wa kipimo haujasogea hata unywele!

Leo Pritam kaja na mashine yake ya kupimia kasi ya risasi. Pigo la kwanza lilivuka kiwango cha sheria. Pritam akaifunika bunduki kwa taulo kana kwamba imevuliwa nguo, akasema haitoki chumba hiki mpaka tuipunguze nguvu, maana bila leseni hiyo ni jela. Nikalegeza springi. Tukapima. Nikalegeza tena. Ikatulia chini ya kiwango, ikabaki hapo hapo pigo baada ya pigo. Vidonge vitano vikapita kwenye tundu moja ambalo kifungo cha shati kingeliziba.

Tulipiga kelele. Évariste aliichukua ile karatasi yenye tundu, akageukia kiti kitupu cha pembeni kumwonyesha Chhotubhai. Na mimi nilikuwa nimeshageuka.

Tukazima taa, tukafunga karakana.

Ijumaa, 24 Novemba

Nani apige pigo la kumbukumbu? Tumerusha shilingi mbele ya Pritam. Kashinda Évariste. Nimempa mkono, nimemwambia nimefurahi kwa moyo wangu wote.

Sikula chakula cha jioni. Miaka kumi na saba ya urafiki, na watu watakumbuka kwamba Mkongo ndiye aliyepiga. Shemeji atakumbuka hivyo. Tayari anakumbuka ya ndevu.

Jumamosi, 25 Novemba

Walikuja watu ishirini na wawili. Shemeji Sharda alivaa koti la marehemu juu ya sari nyeupe. Pritam alitundika bamba dogo la chuma mwisho wa uwanja: likipigwa linalia kama kengele.

Naandika nilichofanya. Évariste alipokwenda kuchukua chai, nilizungusha kifundo cha darubini ya kulengea, iliyofungwa juu ya bunduki, kuelekea kushoto, risasi ihame. Mibofyo kumi na miwili. Mpango: Évariste akose, ahuzunike, mimi nichukue bunduki kwa unyenyekevu, nirudishe mibofyo kimyakimya, nipige. Kengele. Shemeji anitazame.

Évariste alisimama mbele, akaishika bunduki, akasafisha koo. Akageuka.

"Shemeji, wewe njo utapiga."

Shemeji akakataa. Akakataa tena. Kisha akaja. Kumbe Chhotubhai alimfundisha zamani, nyuma ya nyumba, kwa makopo. Akaketi mezani, akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la sari, akaivaa. Akaweka shavu kwenye kitako. Nilikuwa na muda wa kutosha. Ningeweza kusema ngoja. Neno moja tu. Nilifungua mdomo nikauliza kama kuna mtu anayetaka chai zaidi.

Mkono wake ulitulia kuliko wa yeyote pale. Akapiga.

Kidonge kikaingia kwenye ubao, kushoto, mbali na chuma.

Masikio yake ni mazito kidogo. Alibaki ameinamia darubini, anangoja.

"Imelia?"

Akainua kichwa akatutazama mmoja mmoja, akaelewa. Akaiweka bunduki chini polepole ili isipate mkwaruzo, akatushukuru wote kwa kuja, akaenda kumngoja mpwa wake garini. Évariste alimkimbilia kwenye mvua bila koti. Nilimwona dirishani anamweleza kwa mikono. Alirudi analia. Anasema aliugonga mfuko wa bunduki kwenye mlango wa basi asubuhi, kwa hiyo darubini ilihama, kwa hiyo kosa ni lake.

Nilimpa leso.

Alhamisi, 30 Novemba

Évariste hapokei simu. Kazini wanasema hajaonekana tangu Jumatatu.

Usiku sipati usingizi. Nimeandika barua ya kuungama, kurasa tatu. Barua nzuri sana. Nimeisoma kwa sauti na kulia mahali pawili. Leo nimekwenda nayo nyumbani kwake, kwa miguu, kwenye mvua, kama adhabu.

Alifungua mlango. Yeye anyoaye wazee wa watu, ndevu zake zimeota ovyo. Nyuma yake niliona bunduki imelazwa kwenye kochi na kufunikwa blanketi. Kasema niichukue. Kasema yeye hastahili hata kuitazama. Nikasema hapana, nimekuja na jambo. Nilisimama kwenye mkeka wa mlangoni, mkono mfukoni, juu ya barua. Nikaanza vizuri. Nikamwambia ile darubini haikugongwa na mlango wa basi. Kuna mtu aliizungusha makusudi.

Uso wake ukafunguka kama mtu aliyetolewa jiwe kifuani.

"Nani?"

Alinitazama kwa imani kubwa mno. Hakuna binadamu angeweza kusema kweli mbele ya macho yale. Nikasikia mdomo wangu unasema: Pritam.

Évariste akanikumbatia. Akalia tena, lakini safari hii ni kilio kizuri. Alisema alijua, mtu anayefunika bunduki ya wenzake kwa taulo ana jambo moyoni. Akanyoa ndevu mbele yangu, akaweka sombe motoni, akampigia shemeji Sharda kumweleza. Shemeji hakusema mengi. Kesho Évariste anarudi kazini. Kwa hiyo nimefanya wema, ukiangalia kwa upana.

Tumekubaliana mambo mawili. Bunduki itakaa kwa kila mmoja wiki kwa wiki, tukianza na mimi. Na hatutamsalimia Pritam tena.

Uchaguzi wa katibu wa klabu ni Januari. Évariste anasema pale panahitaji mtu mwaminifu, na atapendekeza jina langu. Nimemwambia anipe siku mbili nifikirie.

Nimeshafikiria.