Jinsi Nilivyomtetea Kifunguamimba Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Kifunguamimba wangu kakamatwa. Trafiki walimsimamisha Ijumaa, wakampa kile kidude cha kupima ulevi, naye akakipuliza kwa nguvu zote kama tarumbeta. Nani alimfunza utii huo? Mimi. Kesi Alhamisi. Akinyang'anywa leseni, basi tena kuendesha gari la kiwanda cha mikate, na yeye ndiye anayetulisha sote. Sijala. Nimefua shuka zilizokuwa safi.

Jumanne, 5 Machi
Wakili kaja. Mwembamba, tai imemkaba. Anasema akiri kosa, aseme ni mara ya kwanza, hakimu atamhurumia. Barua ya kusifu tabia yake nayo itasaidia. Mkamwana, mke wa mwanangu, akaniambia nipumzike tu, mambo ya mahakama yana wenyewe. Nipumzike! Mimi nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili, yeye kamkuta ana ndevu. Barua nitaitafuta mimi.

Jumatano, 6 Machi
Mwalimu wake wa zamani hamkumbuki. Jirani eti kalamu imekauka. Mwisho nikaingia baa anamokunywa. Mwenye baa, mama mwenzangu, akaandika ukurasa mzima palepale: anamjua miaka sita, hakosi Ijumaa hata moja, hagombani, akilewa huimba tu. Nililia kwa furaha. Nikampa mkamwana. Kasoma, kaichana, kaitia motoni. Wivu huo!

Alhamisi, 7 Machi
Mungu wangu, nimefanya nini?
Mwanangu alisimama na shati nililompigia pasi, akasema ni mara ya kwanza, shetani alimpitia. Hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani, alishaanza kulegea, niliona. Akauliza kama yupo wa kumsemea. Mkamwana akanishika gauni. Nikajinasua. Nikasema mheshimiwa, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, huyu ni dereva hasa: kila Ijumaa, miaka sita, anarudi amelewa chakari na hajagonga hata kuku. Akaniuliza, kila Ijumaa? Nikamwambia na sikukuu pia.
Wakili akafunika uso kwa faili.
Leseni imefungiwa miaka miwili. Akishika usukani kabla ya hapo, jela. Hilo alilirudia mara mbili, akinitazama mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Kiwanda kimemwachisha kazi. Kakaa barazani anakitazama kigari chake mwenyewe. Nikamsalimia, kaitikia kwa adabu, kama mgeni. Hilo ndilo linaloniua. Bora angenifokea. Mkamwana kaniambia, mama, kama unampenda, funga mdomo. Nimeufunga tangu saa nne. Nimemmaliza mwanangu kwa ulimi wangu mwenyewe. Nilie wapi?

Jumanne, 19 Machi
Nimepata njia! Na mdomo nimefunga kweli, maana safari hii nimeandika. Barua kwa mheshimiwa hakimu, kurasa tatu: somo limemwingia, hajaonja hata tone tangu siku ile, amrudishie leseni. Ila maneno matupu nani atayaamini? Ushahidi ulitakiwa. Asubuhi nikamlilia mwanangu goti linaniuma, anipeleke zahanati, ile iliyo nyuma ya mahakama. Akakataa. Nikalia zaidi. Akakubali, maskini, moyo wake bado ule ule. Kaendesha polepole, macho barabarani, mikono yote miwili kwenye usukani. Nimeyaongeza yote kwenye barua mle mle garini, mpaka namba ya gari. Kisha nikamwambia anisubiri, nikakata kona hadi mahakamani.
Naandika haya kwenye benchi la karani. Kaisoma barua yote, mara mbili, kagonga muhuri. Kaniuliza kwa upole huyo dereva yuko wapi sasa. Na watu husema ofisini hakuna utu! Nimemwonyesha dirishani: lile jeupe, mbele ya zahanati. Kawaita askari wawili, wametoka mbio. Bila shaka wanakwenda kumpa pongezi.