Mashahidi Kumi na Mmoja wa Ijumaa

Jumatatu, 2 Februari

Baridi nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Gari limewaka. Goti halikuwaka. Nimefika ofisini wa kwanza, jambo ninalolifanya mara moja kwa mwezi ili watu walione.

Ratiba ya mashindano ya kusukuma mawe juu ya barafu imetoka. Ijumaa ya tarehe kumi na tatu, saa tano asubuhi: timu yangu dhidi ya timu ya Orest Baran. Tena Orest! Mwaka jana alitutoa. Mwaka juzi alitutoa. Mwaka wa kabla ya hapo tulijitoa wenyewe kwa aibu.

Ukumbini kuna ubao wenye majina ya mabingwa wote wa mji huu. Jina la baba lipo. La kaka yangu lipo, na yule hata viatu huvaa kinyume. La Emil Stadnyk halipo. Miaka arobaini nasukuma jiwe la kilo ishirini juu ya barafu na ubao haunijui! Daktari wa goti kasema msimu huu, pengine na ujao, basi.

Orest asipokuwepo, timu yake ni wazee watatu na mifagio yao ya kulilainishia jiwe njia. Nafikiria.

Jumanne, 3 Februari

Mungu yupo, na leo alipita idara yangu.

Jalada la Curtis Yuzik limetua mezani. Curtis ndiye yule aliyeiba gari la kusawazisha barafu uwanja wa hoki, akaliendesha barabara kuu mwendo wa bata, akasimama kwenye dirisha la mgahawa akaagiza kahawa na donati sita, na wakati wa kuondoka akavunja taa ya gari la polisi. Na nani walikuwa ndani wakitazama? Wazee wa meza ya kahawa, wanaokutana hapo kila asubuhi. Na nani hukaa dirishani siku zote kama paka? Orest!

Kesi inasikilizwa lini? Ijumaa ya tarehe kumi na tatu, kuanzia asubuhi! Samansi za mashahidi zinatoka wapi? Kwangu! Mimi ndiye msimamizi wa makarani wa Wakili wa Serikali. Makarani wenyewe wawili, lakini usimamizi ni usimamizi.

Nikaenda kwa Wakili Colleen Friesen. Majalada yamemfika kidevuni. Kasema mashahidi wawili wanatosha, binti wa mgahawa na polisi. Nikamwuliza, je, utetezi ukidai hakuwa Curtis? Kasema Curtis alivaa koti lenye jina lake mgongoni. Nikasema makoti huazimwa. Kanitazama kama mtu mwenye njaa aliyezuiwa mlangoni. Kasema, "Emil, mwite unayemtaka, ila hao wawili nikiwakosa nitakutundika."

Mwite unayemtaka! Kasema mwenyewe!

Jumatano, 4 Februari

Nimemwagiza Marguerite aandae samansi ya Orest. Marguerite Poitras, karani wangu mkuu. Ana miaka ishirini ofisini na hajawahi kuniamini hata siku moja. Kaniuliza, kwa sauti ile ya kumwuliza mtoto ana nini mdomoni, meza nzima ilikuwepo, kwa nini Orest peke yake? Nikamwambia Orest ana macho makali. Kasema, "Orest? Huyu aliyeegesha gari ndani ya benki?"

Nimenaswa. Ila mimi si mtu wa kunaswa muda mrefu. Nikasema basi, ita meza nzima! Haki haichagui! Kanitazama. Kaanza kuandika huku anatikisa kichwa. Wazee kumi na mmoja. Wa mjini waje asubuhi, wa mashambani waje mchana. Kazi safi, hakuna atakayeona Orest ndiye shabaha.

Doris, karani wangu mwingine, kaomba ruhusa Ijumaa hiyo hiyo ampeleke mama yake kwa daktari wa macho. Kwa kawaida huwa nawaacha wasubiri kidogo ili waonje cheo changu. Leo nimesaini kabla hajameza mate. Kasema, "Bosi, unaumwa?"

Na mimi nimejiombea ruhusa, Ijumaa kuanzia saa nne. Nikalifikiria ombi langu kwa makini. Nikalikubali.

Ijumaa, 6 Februari

Samansi zote zimefika. Saa sita simu ikalia, Lloyd, mfagiaji wa timu yangu, anapiga kelele kwa furaha: "Nahodha, nimeitwa mahakamani! Nivae tai?"

Kumbe na yeye hunywa kahawa meza ile! Tangu lini? Tangu mkewe amkataze sigara nyumbani. Nimemwita mtu wangu mwenyewe mahakamani!

Nikamwambia Marguerite amfute. Kasema samansi ni amri ya mahakama, bosi, si kadi ya harusi. Wa kumwachia ni Wakili Friesen. Akauliza twende wote tukamweleze sababu? Nikasema hapana, hapana, mfagiaji hakosekani.

Jioni nikamwomba mke wangu Verna afagie badala ya Lloyd. Kakubali, kwa sharti nisimpigie makelele kama ninavyompigia Lloyd. Mimi? Makelele? Nimeuliza swali hilo kwa sauti ambayo jirani kaisikia.

Jumatano, 11 Februari

Siku tamu kuliko zote mwaka huu. Orest kaja ofisini na samansi mkononi, kofia ya manyoya imemkaa kama kifuniko juu ya sufuria. Nikamkaribisha kiti kibovu.

Kaanza kwa upole. Ijumaa ana mchezo, nami najua, kwa kuwa mchezo wenyewe ni na mimi. Nikaweka uso wa msiba. Nikamwambia sheria ni sheria, Orest, hata mimi inaniuma. Kasema, "Wewe na sheria mmejuana lini, Emil? Darasa la kumi ulitoroka kupitia dirisha la choo." Nikamwambia hilo lilikuwa darasa la tisa.

Kiti kikamwangusha. Kainuka, kajikung'uta, kasema sawa, atakuja, atakaa mstari wa mbele, na hakimu atamwomba anyamaze. Alipotoka nikala vitumbua vya siagi viwili, vyote vya Doris.

Marguerite kaniona. Nikamwambia ni ukaguzi.

Ijumaa, 13 Februari

Curtis kakiri kosa!

Sijawahi kuona uonevu kama huu. Mahakama imefunguliwa, wakili wake kasimama, kasema mteja anakiri yote. Hakimu kamwuliza Curtis kama ana la kusema. Kasema alikuwa na kiu. Saa nne haijafika kesi imekwisha! Miaka yote hii nimeona washtakiwa wakikiri dakika ya mwisho, wiki hadi wiki, na sikufikiri hata mara moja kwamba Curtis naye ni mshtakiwa.

Orest katoka mstari wa mbele kapendeza, kanigonga bega: "Tuonane kwenye barafu, kijana." Lloyd nyuma yake, na tai shingoni, mbio. Wa mjini wengine wawili wakaenda zao kunywa kahawa. Nami nikachukua koti.

Wakili Friesen kasimama mlangoni. Kasema dhoruba ya theluji inakuja, na kuna wazee saba wa mashambani walioambiwa waje mchana. Hakuna mzee atakayeingia barabarani kwenye theluji kwa kesi iliyokufa. Nikasema Doris atawapigia. Doris yuko kwa daktari wa macho. Marguerite, basi! Marguerite yuko mahakamani na majalada mengine mpaka jioni. Kauliza, "Kwani nani aliwaita wote hawa?"

Nikalirudisha koti.

Kasema basi niwapigie mimi kuwaambia wasije, mmoja mmoja, na niwasikie wenyewe wakisema wamesikia. Ruhusa yangu? Kaifuta kwa kidole hewani. Hata kalamu hakutumia.

Nimempigia Verna aongoze timu mpaka nifike. Kisha nimeanza. Metro Kuzyk alidhani nauza bima, akakata mara tatu. Harvey kasema ameshaoga na suti ameshavaa, kwa hiyo ushahidi atautoa, na kautoa wote, kwangu, kwa simu, pamoja na historia ya donati. Wa tatu alikuwa zizini, mkewe kaenda kumwita, nikawa nasikiliza ng'ombe. Wa nne kaniambia, "Nilijua tu, serikali hii!" akaanza na waziri mkuu wa zamani sana. Wa tano na wa sita ni ndugu wasiosemezana, wanaishi nyumba moja, kila mmoja kanikataza kumpa habari mwenzake. Wa saba alishaondoka! Nikampata kwenye kituo cha mafuta, kwa msaada wa mtu aliyekwenda kumgongea kioo. Kanishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Kasema barabara ilikuwa imeshaanza kupotea.

Saa saba na robo nimeingia ukumbini. Kelele! Watu wamembeba mtu juu. Verna!

Jiwe la mwisho kalituliza katikati ya duara la shabaha kama anaweka yai kwenye sufuria. Lloyd alifika kwa wakati, akafagia na tai yake. Orest ametolewa!

Orest ametolewa! Nimelia. Nimewaambia ni baridi.

Jumamosi, 14 Februari

Nimefika mapema, viatu vya barafu mkononi, nahodha tayari kurudi kitini. Lloyd kaanza kukohoa. Kasema, "Nahodha, usinune, lakini timu iliyoshinda haiguswi." Nikamtazama Verna. Verna alikuwa anafunga kamba za viatu, kamba ndefu sana siku hiyo.

Nikasema hakuna shida. Nikasema mara tatu.

Wameshinda asubuhi. Wameshinda jioni. Mimi nimebeba kahawa. Nilimnunulia Verna chokoleti ya siku ya wapendanao, nikaila mchezo wa pili kwa wasiwasi. Orest kaja kukaa nami kwenye benchi, kaninunulia wiski, kaniuliza utamu wa kuwa msaidizi. Nikamwambia mimi ni msimamizi. Kasema naona, unasimamia birika.

Tumecheka, hasa yeye. Lakini wiski ilikuwa nzuri, na ukumbi una joto, na mke wangu alikuwa anaamrisha wanaume watatu ambao kwangu hawajawahi kutii neno. Niliwapigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Jumapili, 15 Februari

Mabingwa!

Nimemfuata mwandika ubao kabla rangi haijafunguliwa, ili nizungumze naye kiutu uzima. Nikamwuliza kama si vizuri aandike Stadnyk tu, bila jina la mwanzo, kuokoa rangi. Kasema amekwisha anza. Herufi V imeshakauka.

Zawadi ni nusu nguruwe, amekatwa na kufungwa vizuri. Yupo kwenye friza yangu. Jioni Verna kakaanga vipande vinne vinene na vitunguu, kanipakulia vitatu, kasema ni kwa ajili ya zile simu saba. Nimelala nimeshiba. Siwezi kusema nimelala vibaya.

Jumanne, 17 Februari

Jana sikukuu. Leo kazini. Doris kauliza vitumbua vyake. Nimempa siku ya mapumziko, kavisahau.

Nimekaa nikaupitia mpango wangu kama mtu mzima, nikaona kosa liko wapi. Mashahidi walikuwa wengi! Kumi na mmoja! Hiyo si akili, hiyo ni harusi. Anatakiwa mmoja. Mmoja tu, simu moja, nami nimeshatoka mlangoni.

Na saa nne limeletwa jalada jipya. Dubu aliyekaushwa wa ukumbi wa bingo ameibwa usiku wa Alhamisi, katolewa mlangoni kavishwa koti kama mgeni aliyelewa. Shahidi aliyemwona mwizi vizuri kuliko wote, akamfungulia na mlango: Verna Stadnyk.

Nimelisoma mara mbili. Nimefunga mlango, nimecheza hatua mbili, goti limenikanya.

Kanuni inasema jalada lenye mke wa mtumishi lihamie ofisi nyingine. Kanuni haina goti. Mahakama imejaa, kesi mpya zinapangwa mwakani, nikampigia karani wa mahakama kumwuliza Ijumaa ya pili ya Februari, siku mashindano ya mawe yanapoanza, ikoje. Iko wazi kabisa!

Samansi nitampelekea mwenyewe, kitandani, pamoja na chai.