Salamu Hadi Mpaka Ukafungwa

Wiki ile ya Krismasi ya 2020, jimbo la Queensland lilipotufungia mpaka sisi watu wa Sydney, benchi letu la nje ya duka la mikate karibu na stesheni ya Ingleburn lilijaa wataalamu. Barakoa kidevuni, kahawa mkononi. Wainaina, tunayemwita Google kwa sababu anajua kila kitu na nusu yake ni uongo, alikuwa anatueleza sheria za mpaka kana kwamba yeye ndiye aliyeuchora.

Mara kempa ikafika, lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, ikaegeshwa mshazari. Akashuka Papa Balthazar, Mkongomani wa Bukavu, mstaafu wa ghala. Sisi humwita Protokoli. Huyu mzee hawezi kupita mtu bila kumsalimia, na korona ilipokataza mikono, alihamia viwiko.

"Papa, si saa hii ungekuwa Gold Coast na wajukuu?" aliuliza Jerotich, nesi wa hospitali ya Westmead. Yeye ndiye Sista wetu.

Papa alikaa, akaangalia kiatu chake. Wajukuu walikuwa mle ndani ya kempa, pazia zimefungwa.

Safari hii tulikuwa tumeisikia mwaka mzima. Mjukuu Adrien aliahidiwa gereza la kale la wafungwa wa Kiingereza, lile la ufukweni, njiani. Dada yake Falone aliahidiwa rolakosta kubwa ya Gold Coast, vile vigari vya relini vinavyopanda na kuporomoka. Mwaka uliopita alikataliwa kupanda kwa sababu ni mfupi, na wakati wote wa lockdown alikuwa anajipima kwenye mlango wa friji. Sasa alikuwa amefikisha urefu. Waliondoka Ijumaa. Kutoka hapa hadi Gold Coast ni mwendo wa siku moja, lakini Papa alifika mpakani Jumatatu.

"Mlipotea?" nikamuuliza.

"Hatukupotea. Tulisalimia."

Google alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Kumbe Newcastle kuna Murhula, aliyekaa na Papa kambi moja ya wakimbizi, na huyo alikataa katakata wasiondoke kabla mbuzi hajaiva. Wakalala. Coffs Harbour kuna Mama Katungu, ndugu ya marehemu mke wake, naye alikuwa ameita kwaya nzima. Wakalala tena, siku mbili, watoto wakapangwa sebuleni na watoto wengine godoro moja. Gereza la kale waliliona kwenye kibao cha barabarani, na Adrien alipewa nafasi ya kupiga picha kibao. Jiko la kempa halikuwashwa hata mara moja.

Hapo mimi nilishindwa kujizuia. Nilimwambia, mzee wangu, umekodi nyumba yenye magurudumu ili ukalale kwenye nyumba za watu. Si ungepanda basi tu.

"Nipite pa mulango ya Mama Katungu nilale mu barabara kama yatima?" alijibu. "Batu batasema Balthazar amekuwa muzungu."

"Na mpaka?"

"Ulifungwa ule usiku tuliimba."

Polisi walimrudisha asubuhi. Google akamuuliza kama na wao aliwasalimia kwanza. Papa akasema ndiyo, tena walikuwa watu wazuri sana.

Kisha sauti yake ikashuka. "Falone haniongeleshi tangu mpaka. Na Marie-Jeanne, mama yao, amesema nikirudisha gari, ni mwisho. Hatanipa watoto tena."

Hiyo ilituuma wote, hata Google. Sista aliuliza kempa inarudishwa lini. Baada ya Krismasi. Basi, akasema, kuna muda, tumtafutie Papa njia isiyo na mtu anayemjua. Kazi ikawa hapo. Wollongong? Kuna Médiatrice. Canberra? Kuna pasta. Wagga? Papa alikohoa kwa aibu, huko ana wakwe. Nilianza kuamini huyu mzee ndiye aliyeleta Wakongomani wote Australia, mmoja mmoja. Mwishowe Sista alipata mji fulani mdogo ng'ambo ya milima, wenye mgodi wa zamani wa dhahabu na bustani ya burudani yenye rolakosta yake. Papa alifikiri sana.

"Pale sina mutu," alisema kwa huzuni, kana kwamba amefiwa.

Akaenda kugonga mlango wa kempa. Falone alifungua kidogo, akasikiliza. Huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili hukujibu Kiingereza, lakini siku hiyo alitaka aeleweke.

"Hakuna kusalimia mtu?"

"Hakuna."

"Leta simu."

Papa akampa simu yenye namba za jamaa wote. Falone akahamia kiti cha mbele na kufunga mkanda. Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, akawasha gari.

Google akakohoa. "Papa, si mtapita Lithgow? Shemeji yangu anakaa pale karibu kabisa na barabara. Mpitie kidogo tu, umsalimie."

Sista naye, bila haya, alikuwa ameshatoa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, kwenye buti la gari lake. Kuna dada wa kanisani kwao Bathurst, alisema, hana mtu wa kumpelekea.

Falone alipandisha kioo cha dirisha.

 Mimi nilikuwa nimeshafika mlango wa nyuma wa kempa na mfuko wa unga wa kumpelekea binamu yangu wa Dubbo, ila Adrien alikuwa ameufunga kwa ndani.