Ua la Manjano Nyuma ya Machimbo

Jumatatu, 3 Machi
Bahati hiyo! Mtaalamu wa mimea anapita madukani akiulizia mmea wa porini wa jamii ya alizeti, wenye ua dogo la manjano, unaoota penye ukame. Ni adimu, anasema. Atakayemwonyesha ataandikwa kitabuni. Mimi naujua! Umejaa nyuma ya machimbo ya kokoto. Mke wangu yuko kwao mwezi wa pili sasa, eti kachoshwa na mipango yangu. Akiniona kitabuni atarudi mbio.

Jumanne, 4 Machi
Kumbe shemeji kinyozi, kaka wa mke wangu, naye anapajua! Kanitamkia bila haya kwamba atampeleka mtaalamu Ijumaa. Thubutu! Nikafunga banda langu la viatu, nikabeba jembe. Nimeng'oa mimea yote. Mgongo si wangu. Nimebakiza mmoja tu, uko kwenye ndoo nyumbani. Sasa ni adimu kwelikweli.

Jumatano, 5 Machi
Umenyauka. Maskini, tangu uzaliwe haujashiba maji! Nimeumwagilia mara nne, na mbolea ya kuku juu. Jirani yangu mshonaji kachungulia, akasema mmea wa ukame haunyweshwi hivyo. Nikamwambia ashone nguo zake.

Alhamisi, 6 Machi
Majani yamelegea. Nimeongeza maji.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu gani hii! Nilimwita mtaalamu nyumbani, kaja na kamera, ndoo ina uji mweusi unaonuka. Akaomba kuona ulikotoka. Mashimo matupu. Akaketi juu ya jiwe, akafuta miwani, akaifuta tena. Akasema alitaka kuuona pale pale ulipoota, na kwamba labda mbegu zimebaki ardhini, tungoje mvua. Shemeji, aliyetufuata machimboni, alisimama nyuma yetu. Hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaleta ujumbe wa dada yake. Amesikia yote. Bado ananipenda (nimelia, sifichi). Sharti moja: nikae siku thelathini bila mpango wowote, ndipo arudi.

Siku thelathini! Nitakufa kwa upweke. Nimewaza mpaka chai ikapoa. Kisha nikaenda kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kuchana karatasi kila siku, nikachana thelathini kwa mkupuo. Nimemwandikia mke wangu kwamba zimetimia, aje kesho. Akibisha, atazame ukutani.